Unataka Kufunga Muziki Kwenye Pikapu ya Biashara? Soma Hapa Kabla Hujampa Fundi Hela

Swali hili limekuja mara nyingi, toka kwa watu wa vitunguu, vyombo vya plastiki, mitumba, hadi wanaosambaza maji: "Nina pikapu, redio iliyokuja nayo haisikiki kitu, nataka nifunge muziki wa maana. Nianzie wapi?" Leo tunalimaliza. Ni refu kidogo, ila linagusa mtaji wako, kwa hiyo vumilia.

Kabla ya yote jiulize: hiyo sauti unamtakia nani? Dereva ndani ya gari, au mteja aliye nje anapika jikoni kwake nyumba ya nne kutoka barabarani? Maana hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na vifaa vyake ni tofauti. Fundi ukimwambia tu "nifungie muziki mkubwa" atakufungia wufa ya inchi 12 nyuma ya siti, vioo vitatetemeka, utafurahi siku mbili, na mteja wa nyumba ya nne bado hajui kama umepita. Nimeona hili mara nyingi mno. Mtu kaweka laki nane kwenye besi, anauza viazi kwa kupiga kelele mdomo.

TUANZE NA REDIO YENYEWE

Pikapu nyingi tulizonazo zilitumika Japani kwanza, ziwe Hilux, Townace au hizi kirikuu. Kule FM yao ilipangwa kuanzia 76 mpaka 90 MHz (siku hizi wamesogeza hadi 95). Huku kwetu FM ni 87.5 mpaka 108. Ndiyo maana redio ya kiwandani inashika stesheni mbili tatu za mwanzo tu na nyingine zote haizijui. Sio mbovu. Haikutengenezwa kwa ajili yako.

Fundi atakupa njia ya mkato, kile kidude kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kishushe masafa yaingie kwenye redio ya Kijapani. Kinafanya kazi, ila sauti inakuwa na mchakacho, na stesheni zinasomeka kwa namba ambazo sio zake. Kama unasikiliza taarifa ya habari tu, sawa. Kama unataka kufunga spika mpya na kupiga matangazo yako, usipoteze hela hapo, badilisha redio.

Sasa unapokwenda kununua redio, nenda na kipimo. Tundu la redio la kawaida ni upana wa milimita 180, na kimo ni 50 kwa ile nyembamba au 100 kwa ile ya skrini. Lakini Toyota nyingi tundu lake lina upana wa milimita 200. Ukichukua redio ya 180 ukaiweka pale, inabaki nafasi pembeni kushoto na kulia, na hapo ndipo mafundi wanajaza kadibodi. Dai fremu yake, zinauzwa. Kingine, chukua soketi ya kigeuzi ya gari lako, ile inayochomeka kwenye plagi ya kiwandani upande mmoja na kwenye redio mpya upande wa pili. Ni hela ndogo. Faida yake ni kwamba hakuna waya wa gari unaokatwa, na siku ukiuza gari unarudisha redio ya zamani kwa dakika kumi.

Fundi akisema haina haja, "mimi naunga tu kwa rangi," mwangalie vizuri. Rangi za redio za dukani zina utaratibu wake: njano ni moto wa kudumu, nyekundu ni moto wa funguo, nyeusi ni ethi, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuwasha amplifaya. Waya za gari toka kiwandani hazifuati rangi hizo. Anayeunga kwa kufananisha rangi bila kupima na multimita anacheza bahati nasibu, na tiketi umenunua wewe.

Na kama unalaza gari nje, chukua redio yenye uso wa kuchomoka. Uso unaingia nao ndani, mwizi anaona tundu tu.

HIZO WATI ZILIZOANDIKWA

Kwenye boksi la redio utakuta imeandikwa 50W × 4. Hesabu ya haraka: gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 14. Amplifaya ndogo iliyo ndani ya redio, kwa umeme huo, ikisukuma spika ya omu 4, inatoa sauti safi kama wati 15 hivi kwa kila spika. Hizo 50 ni za mlipuko wa sekunde chache, sauti ikiwa imeshapasuka. Namba ya kuangalia ni ile yenye neno RMS pembeni. Sheria hiyo hiyo itumie kwa spika na kwa amplifaya. Amplifaya iliyoandikwa "3000W" kwa herufi za dhahabu, halafu ukigeuza nyuma unakuta fyuzi mbili za ampea 15? Piga hesabu: ampea 30 mara volti 14 ni wati 420 zinazoingia. Kinachoingia ni 420, zitatokaje 3000? Fyuzi huwa inasema ukweli kuliko stika.

SAUTI YA DEREVA: USIZIDISHE

Kwa sauti ya ndani, pikapu ya kazi haihitaji makuu. Spika za kiwandani ni karatasi nyepesi na sumaku ndogo, na baada ya miaka kumi na tano ya vumbi na mvua zinakuwa zimechanika. Kubadilisha spika mbili za mlango kwa nzuri za kawaida, pamoja na redio mpya, kunakumalizia asilimia kubwa ya tatizo bila amplifaya yoyote.

Jambo moja tu ambalo watu wanalisahau ni kina. Unapima upana wa spika, inchi 6 na nusu, inaingia, unafurahi, unafunga kava la mlango. Kesho yake unashusha kioo, kaa! kinagonga sumaku. Kabla hujalipa, shusha kioo mpaka chini halafu pima nafasi iliyopo nyuma ya tundu. Kama haitoshi, weka bangili ya mbao ngumu au plastiki kati ya spika na mlango. Usitumie mbao laini ya kubana (zile za kabati), maji ya mvua huwa yanapita ndani ya mlango na itavimba.

Mlango wenyewe ni bati lenye matundu makubwa nyuma ya kava. Sauti ya nyuma ya spika inapita kwenye matundu inakuja kuua ya mbele, ndiyo maana besi hakuna. Yazibe kwa shiti za lami zenye karatasi ya alumini, acha vitundu vya chini vya kutolea maji. Kazi ya saa mbili na inabadilisha sauti kuliko kuongeza wati. Basi, ya ndani tumemaliza. Twende kwenye hela.

SAUTI YA MTEJA: HAPA NDIPO BIASHARA ILIPO

Kila spika ina namba ya usikivu, imeandikwa kwa desibeli: ukiipa wati 1, ukasimama mita 1, inatoa sauti kiasi gani. Spika ya mlango ya kawaida ni kama 89. Spika ya honi, zile za msikitini na za gari la matangazo, inafika kama 107. Tofauti ni 18. Inaonekana ndogo, lakini desibeli ina hesabu yake: kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo 18 ni kuzidisha mara mbili, mara sita mfululizo. Mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne. Yaani spika ya mlango inahitaji wati 64 kufikia kile ambacho honi inakifanya kwa wati 1.

Sasa peleka barabarani. Sehemu ya wazi, kila umbali ukizidi mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Honi moja ikipewa wati 10 inatoa 117 pale mita 1. Mita 32, ambako ndiko yuko yule mama wa nyumba ya nne, inafika 87. Spika ya mlango ikipewa wati hizo hizo 10, pale mita 32 inafika 69. Bodaboda moja ikipita umeshafunikwa. Na hiyo ni kama spika inaangalia nje, wakati ya mlango inaangalia magoti ya dereva!

Kwa nini basi besi haisaidii? Maneno ya binadamu yanaeleweka kwa zile sauti kali, s, t, k, ch, ambazo ziko juu kwenye masafa. Besi inasafiri ndiyo, mtaa wa pili watasikia "dum dum dum", lakini hakuna atakayejua kama ni viazi, ni harusi, au ni kijana kapata hela. Honi haina besi kabisa, chini ya kama hezi 300 haitoi kitu cha maana. Kwa muziki inachosha masikio, kwa maneno hakuna mfano wake.

Ushauri wangu basi, na ninajua kuna mafundi hawataupenda: kwenye pikapu ya biashara, honi mbili na amplifaya ya matangazo ya volti 12 yenye wati 40 mpaka 60 inakutosha. Kuna za Ahuja kutoka India, TOA ya Japani, na za Kichina chungu nzima. Tafuta yenye tundu la flashi, bluutuu na maiki, ili urekodi tangazo mara moja na koo lako lipumzike. Usichukue amplifaya ya nyumbani ya volti 220 na kuiendesha kwa inveta. Unageuza umeme kwenda 220, halafu amplifaya yenyewe inaushusha tena, kila hatua unapoteza, na una waya wa 220 unaoning'inia kwenye gari linalolowa mvua.

Kama hela ni ndogo sana kuna njia ya kuanzia. Redio mpya uliyofunga ina matokeo manne ya spika na wewe mlangoni umetumia mawili. Mawili ya nyuma yapo bure. Honi ya omu 16 ukiiunga pale inapata kama wati 4 tu, lakini kwa hesabu ya hapo juu wati 4 kwenye honi ni desibeli 113 pale mita 1. Mtaa wa kawaida unasikia. Ila lazima uweke kapasita isiyo na chanya na hasi, ya maikrofaradi 33, volti 50 au zaidi, kwenye waya mmoja wa honi. Kazi yake ni kuzuia besi isiingie, maana besi ndiyo inayokata ule utando mwembamba wa ndani ya honi. Honi ikiwa ya omu 8, tafuta maikrofaradi 68. Na usithubutu kuunga waya hasi wa honi kwenye bodi ya gari. Redio za sasa waya zote mbili za spika zinafanya kazi, ukigusisha mmoja kwenye bodi unaweza kuua redio. Kwenye pikapu za zamani kuna spika zilizoungwa kwa kutumia bodi, ukikuta hivyo vuta waya mpya.

OMU ZISIKUCHANGANYE

Honi mbili za omu 16 ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zinakuwa omu 8. Nne zinakuwa omu 4. Amplifaya imeandikwa omu za chini kabisa inazokubali, usishuke hapo. Ukishuka inavuta umeme kupita uwezo wake, inachemka, inajizima au inaungua. Kuna amplifaya nyingine nyuma zimeandikwa 100V. Hizo 100V ni za honi zenye transfoma ndani yake, zile za kuvuta waya mrefu kanisani au shuleni. Kwenye gari tumia pale palipoandikwa 4, 8 au 16.

WAYA NA FYUZI, HAPA SINA UTANI

Magari yanaungua kwa sababu ya muziki. Linaungua gari, linaungua na mzigo uliokopa. Kwa hiyo hapa simama na fundi, hata kama anakwambia ukanywe chai.

Waya wa moto wa amplifaya unatoka betri moja kwa moja. Sio kwenye waya wa redio, sio kwenye soketi ya kuwashia sigara. Na fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye teminali. Sababu yake: kile kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Kikichunika kikagusa bodi, betri inamwaga kila ilichonacho hapo, waya unakuwa mwekundu kama moto wa jiko. Fundi akiweka fyuzi huku nyuma karibu na amplifaya, anailinda amplifaya, halafu mita nne za waya zinazopita chini ya zulia lako hazina mlinzi.

Pale waya unapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, lazima pawe na mpira. Bati lina makali, gari linatikisika kwenye barabara zetu hizi, miezi sita tu ngozi ya waya imekwisha.

Unene wa waya. Amplifaya ya honi ya wati 60 ikivuta kwa nguvu zote ni kama ampea 8. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya 10 vinatosha. Ukienda kwenye amplifaya ya spika nne za wati 60 RMS kila moja, hapo inaweza kuvuta ampea 30. Inataka waya wa milimita 10 na fyuzi ya 40. Mtu akikuwekea ule wa 2.5 kwa kazi hiyo, kwenye mita 5 unapoteza volti 1 nzima njiani na wati 30 zinageuka joto ndani ya waya. Wati 30 ni kama ncha ya pasi ya kulehemu, umeilaza chini ya zulia. Na waya wa nyumbani wa uzi mmoja mgumu usitumike kwenye gari hata kwa bure, mtikisiko unaukata. Unatakiwa wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Halafu kuna waya wa shaba wa uongo. Ni alumini iliyopakwa shaba juu, ndiyo imejaa kwenye zile seti za boksi zenye waya mwekundu mnene unaong'aa. Mwingi ni ngozi ya plastiki. Kata ncha, kwangua nyuzi na wembe: ikitokea nyeupe kama fedha ndani, hiyo ni alumini. Hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba. Ukikosa shaba, basi chukua wa alumini ulio mnene zaidi, usiamini namba iliyochapwa juu yake.

Ethi nayo: iwe fupi, unene sawa na waya wa moto, na pale inapofungwa kwenye bodi ukwangue rangi mpaka uone chuma, kaza na nati, kisha pakaa grisi kuzuia kutu. Ile sauti ya "wiiiii" inayopanda ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni ethi mbovu, au waya wa sauti umepita bega kwa bega na waya wa moto. Waya wa moto upite kushoto, wa sauti upite kulia.

BETRI

Wengi mnauza gari likiwa limesimama na injini imezimwa, kuokoa mafuta. Sawa. Betri ya ampea-saa 60, ile ya kuwashia gari, usitumie zaidi ya nusu yake, na hata hiyo nusu isiwe mazoea, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nusu ni 30. Amplifaya ya honi kwa tangazo lenye vituo inavuta wastani wa ampea 3 hivi, kwa hiyo kama betri ni nzima unapata saa kumi. Wufa ya wati 500 RMS kwa muziki wa kawaida inaweza kuvuta wastani wa ampea 17. Haifiki saa mbili. Saa nane mchana jua kali, mzigo nusu haujauzwa, unatafuta watu wa kusukuma gari.

Kirikuu betri yake ni ndogo zaidi, kwa hiyo hesabu inabana zaidi. Nunua kile kimita kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye soketi ya sigara. Betri iliyojaa, injini imezimwa, inasoma kama 12.6. Ikifika 12.2 washa injini au zima sauti. Injini ikiwaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo alteneta au mkanda wake uuangalie kabla hujafikiria muziki.

Kama unasimama gulioni kutwa nzima kila siku, betri ya pili ya kazi hiyo, yenye relei ya kuitenga na ya kuwashia gari, inajilipa. Kama unazunguka mtaani huku gari linawaka, huihitaji.

KUFUNGA HONI JUU

Zifunge juu ya kabini kwenye chuma, sio kwenye bati lenyewe. Moja iangalie mbele, nyingine nyuma, mdomo uiname chini kidogo ili maji ya mvua yatoke na sauti iende kwa watu badala ya kupita juu ya mapaa. Weka nati za kujifunga, na usiku zikufuli au zishushe.

Juu, narudia, sio kwenye ubavu wa bodi. Ile 117 ya mita 1 sio mchezo. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani (NIOSH) wanasema desibeli 85 sikio livumilie saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Ukifika 100 ni dakika 15. Ukifika 115 ni chini ya nusu dakika. Mtoto aliyekuja kununua nyanya akasimama karibu na honi iliyofungwa usawa wa kichwa chake anaumia, na wala hutajua. Msaidizi wako anayekaa nyuma juu ya mzigo naye vivyo hivyo, saa sita kila siku. Akishuka mteja, shusha sauti. Ameshakusikia, ndiyo maana amekuja.

Na tangazo lenyewe lirekodi chumbani, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, nguo zimetundikwa, mdomo kiganja kimoja kutoka kwenye simu. Sekunde 20 zinatosha: bidhaa, bei, gari liko wapi. Kisha acha kimya cha sekunde 20 au 30. Kimya kina faida mbili, betri inapumua na majirani hawakuchukii. Bidhaa ndiyo neno la kwanza, kwa sababu gari linatembea, na ukianza na salamu ndefu utafika kwenye "vitunguu" ukiwa umeshapita kona.

SERIKALI NA MAJIRANI

Tanzania kuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, wanaosimamia ni NEMC. Kenya wana kanuni zao za kelele za 2009 chini ya NEMA. Mbali na hayo, nenda halmashauri yako uulize kibali cha matangazo ya gari kabla hujaanza, sio siku umekamatwa. Punguza sauti ukipita hospitali, shule, nyumba za ibada na kwenye msiba. Ukipiga muziki wa watu hadharani kuvutia wateja, una haki za wenyewe, ulizia COSOTA. Sauti yako mwenyewe haina leseni ya kulipia, na wateja wanaizoea.

Bima pia. Kama gari lina bima kubwa, wajulishe kwamba umefunga vifaa vya umeme na utunze risiti ya fundi. Moto ukitokea, swali la kwanza litakuwa nani alivuta waya.

JE, ITALIPA?

Chukua namba zako mwenyewe. Mfano tu: vifaa na ufundi vimekula laki nne, na faida yako kwa kilo moja ya vitunguu ni shilingi 300. Laki nne gawa kwa 300 ni kilo 1,333 za ziada unazotakiwa kuuza, juu ya zile ulizokuwa unauza siku zote. Honi zikikuongezea kilo 20 kwa siku, ni siku 67 za kazi. Zikikuongezea 5, ni siku 267, hapo fikiria vizuri, pengine anza na ile honi moja ya kwenye redio. Jaribu wiki mbili ukiandika mauzo ya kila siku kwenye daftari, wiki ya kimya na wiki ya honi, mtaa ule ule, siku zile zile. Ukiona tofauti, ndipo ununue amplifaya.

Ukitaka tukupigie hesabu ya waya na fyuzi, andika hapo chini aina ya gari, ukubwa wa betri ulioandikwa juu yake, omu za honi, na wati za RMS za amplifaya. Usituandikie "ni kubwa tu boss", hiyo hatuwezi kuipigia hesabu.